Mada Imefungwa

Tarehe 4 Februari

Shangazi,

Nimekukosea. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua, ukikuta salamu kwanza utasema huyu kaja kuzunguka mbuyu. Basi sasa, shikamoo shangazi. Sisi huku wazima. Mama watoto anakusalimia, mgongo wake umetulia tangu aache kubeba ndoo kwa mkono mmoja. Binti mkubwa amepata kazi kwenye duka la kuchapisha. Anatengeneza kadi za harusi za watu wengine mchana kutwa, jioni anarudi na hasira. Karakana ipo. Joto hili mafriji yanakufa kwa wingi, kwa hiyo hatuna malalamiko.

Kosa lenyewe ni hili. Ni mimi niliyekutoa kwenye kundi la familia. Si mtandao, wala si simu yako kujaa kama nilivyomwambia baba mdogo. Ni mimi, kwa kidole changu, nikiwa nimekaa juu ya friza la mteja nasubiri gesi iingie.

Unajua lile kundi lilivyokuwa. Lilianza kwa salamu na picha za watoto, halafu mimi nikaleta habari za sayansi, watu wakazipenda. Kila jioni naweka habari moja, tunabishana. Gari linalojiendesha, baba mdogo akauliza likikugonga utamtukana nani. Simu ya kukunja. Maji ya mwezini. Vijana wakaanza kuniita Profesa, na mimi sikuwakataza. Nikaweka na sheria: ubishi ukikolea nahesabu makofi, yale ya kubonyeza kwenye simu, mwenye makofi mengi kashinda, naandika "Mada imefungwa", na atakayeifungua tena anakaa nje ya kundi wiki nzima akatafakari. Sheria niliitunga mimi na nikaipitisha mimi. Hakuna aliyepinga, maana kupinga nako kulikuwa mada.

Ile habari ya matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho bila kupasuliwa ndiyo niliyoshindia makofi mengi kuliko zote. Upande wa pili alikuwa mdogo wangu, muuguzi. Akaniuliza mbele za watu, "Kaka, hiyo habari umeisoma yote?" Nikamjibu kwamba wauguzi wanaogopa kukosa kazi. Makofi. Mada imefungwa. Akaandika tena, nikamtoa.

Kesho yake ukaja wewe, ukaandika, "Hayo matone yanauzwa wapi?"

Mada ilikuwa imefungwa, shangazi. Nikakutoa na wewe, watu wasije wakasema nina upendeleo.

Wiki ilipoisha nikakurudisha, ukatoka mwenyewe. Nikapiga, simu imezimwa. Baba mdogo ndiye aliyeniletea ujumbe wako, kwamba anayetaka kukusemesha aandike barua, kwenye karatasi hakutoi mtu. Basi ndiyo hii. Namkabidhi kondakta wa basi pamoja na mpira wa mlango wa friji lako, ule wa zamani ulikuwa umechoka.

Nisamehe kwa kukutoa. Habari yenyewe ya matone tuiache, ilishapita.

Mwanao,
Fundi


Tarehe 1 Machi

Mwanangu Profesa,

Marahaba. Barua imefika. Imechelewa kwa sababu kondakta aliisahau chini ya kiti. Mpira aliukumbuka mapema, maana ulikuwa unamnasa miguu. Umekaa vizuri, friji sasa linagandisha mpaka nyanya.

Mimi mzima, cherehani nayo nzima. Jirani yangu Mama Duka anakusalimia. Paka amezaa ndani ya sanduku la vitambaa, nimemwachia, vitambaa vyenyewe vilikuwa vya mteja aliyehama.

Kutolewa kwenye kundi nilikusamehe siku ileile. Nimeshatolewa sehemu kubwa kuliko hiyo. Chama chetu cha mafundi cherehani walinitoa mara mbili, zote kwa sababu ya mdomo, na zote wakanirudisha kwa sababu ya kola. Hakuna anayekaza kola kama mimi. Ila kwenye kundi lako sirudi. Nimeona mtu anaweza kuishi bila kujua habari za mwezini.

Kazi inakwenda. Nilishona sare za shule, shati moja nikaliwekea mfuko kwa ndani. Mama wa mtoto hajalalamika, anasema sasa kalamu hazipotei. Uzi natia kwa kupapasa, vidole vinajua njia. Nguo nyeusi sizipokei siku hizi. Wateja nawaambia zinanitia huzuni.

Sasa umeandika kwamba habari ya matone tuiache. Wewe unaweza kuiacha. Mimi ndiyo ninayoisubiri. Madaktari wa macho walipokuja hospitali yetu mwishoni mwa Januari, nafasi yangu ilikuwepo, ya kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Niliwaambia wampe mtu mwingine, mimi kuna matone yanakuja, mwanangu kasoma. Daktari akaniuliza, "Kasoma wapi?" Nikamwambia huyo anasoma kila siku jioni.

Basi niambie tu yanafika lini. Na je, ni asubuhi na jioni, au mara tatu? Nataka nijipange.

Shangazi yako


Tarehe 9 Aprili

Shikamoo shangazi,

Natumaini hamjambo nyote, wewe, Mama Duka na paka. Sisi wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Kuna hoteli ilizimiwa umeme, na ulipowashwa ukarudi kwa nguvu ukaunguza kompresa za mafriza yao yote. Meneja akanipigia akilia. Samaki nao walikuwa kwenye hali ambayo sitaki kuielezea kwenye karatasi. Mama watoto mzima. Binti juzi kakosea jina la bwana harusi kwenye kadi, akaweka la bwana harusi wa wiki iliyopita. Bibi harusi kasema heri lingebaki hilohilo. Wakacheka wote na mambo yakaisha.

Nimefurahi sana kuona barua yako. Shangazi, mwandiko wako! Zamani ulikuwa unaandika mistari inapanda mlima, sasa imenyooka kama imepigwa rula. Mama watoto naye kaona, akasema jicho linaloandika hivi halina haraka na daktari. Nililala vizuri siku ile.

Kuhusu matone, wataalamu wanaendelea. Mambo ya sayansi hayataki papara, leo wanajaribu hiki, kesho kile. Siwezi kukupa tarehe. Kwa sasa, wale madaktari wakija tena na ukaona una nafasi, si vibaya ukawasikiliza. Nasema kusikiliza tu.

Kundi limepoa kidogo. Juzi tulibishania kama roboti inaweza kuwa na aibu. Mada haikufungwa.

Nimekutumia na taa ya kubana kwenye cherehani.

Mwanao,
Fundi


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Taa nimeipata. Inang'aa vizuri, naona mwanga wake.

Mwandiko unaousifia ni wa Mama Duka. Barua ya kwanza ni yeye, na hii ni yeye. Mimi nasema, yeye anaandika, kalamu ni ya dukani. Zako pia ananisomea. Ulipousifia aliisoma hiyo sehemu mara mbili. (Ni kweli. Asante, Fundi. Mama Duka.)

Sikutaka kukuambia. Nilijua utaanza kupiga watu simu, na ukoo wetu ukipigiana simu, mtu anaugua zaidi. Ila umeandika kwamba ulilala vizuri, nikaona hapana, wote wawili hatuwezi kulala vizuri kwa sababu ya mwandiko wa Mama Duka.

Jicho la kulia limebaki la kujua kama ni mchana. La kushoto naona mtu amesimama, lakini simjui mpaka aseme. Juzi nimemkaribisha mwenye nyumba kwa furaha kubwa nikidhani ni wewe. Akachanganyikiwa kuliko mimi. Pasi imeniunguza kidole gumba, kile ninachoshikia kitambaa. Sare za muhula huu nimezikataa zote. (Amekaa mlangoni wiki mbili cherehani imefunikwa. Aliniambia nisiandike hili. M.D.)

Madaktari wanarudi Juni, tarehe 11. Hospitali wanataka jibu la ndiyo au hapana kabla ya siku hiyo, nikikosa ni mpaka mwakani. Sijawajibu.

Nikuambie kitu. Mimi kile kisu nilikuwa nakiogopa tangu siku waliponitajia. Nilikuwa natafuta mtu mmoja tu wa kuniambia usiende. Mdogo wako muuguzi alisema nenda. Daktari akasema nenda. Mama Duka akasema nenda. Wewe peke yako ndiye uliyesema kuna njia nyingine, na watu wote wakakupigia makofi. Nikasema si mimi tu.

Sasa nataka jibu la swali alilokuuliza mdogo wako, na usinipigie hadithi za hoteli. Uliisoma ile habari yote?

Shangazi yako


Tarehe 13 Mei

Shangazi,

Hapana.

Nilisoma kichwa cha habari, na picha ya jicho. Chini yake pakawa panataka nisubiri tangazo liishe, sikusubiri. Nilikuwa na hamu ya kuiweka kundini kabla baba mdogo hajaweka ya kwake.

Hilo ndilo dogo, na kama lingekuwa peke yake ningekuandikia zamani. Kubwa ni hili. Jioni ileile ya ubishi, baada ya kumtoa muuguzi, alinitumia habari nzima pembeni, mimi peke yangu. Hakutaka kunitia aibu. Akaandika, "Kaka, soma mpaka chini." Nikasoma mpaka chini. Matone yalijaribiwa kwa panya. Si watu, shangazi. Panya, ndani ya maabara, na hata hao si wote waliopata nafuu. Mwishoni mwandishi mwenyewe alisema dawa ya binadamu haipo, na haijulikani kama itakuwepo.

Kwa hiyo ulipouliza kesho yake yanauzwa wapi, nilikuwa najua hayauzwi popote. Nilijua kabla sijakutoa. Kile kisingizio cha sheria ni uongo. Nilikutoa kwa sababu kukujibu kulikuwa na maana ya kuandika mbele ya watu wote kwamba Profesa alishindia panya. Na barua ya Aprili niliandika wataalamu wanaendelea. Wanaendelea na nini, hata sijui.

Nilikwenda kumwona muuguzi hospitali anapofanyia kazi. Aliniacha langoni mpaka zamu yake ilipoisha, na mlinzi akanipa kiti kibovu, nadhani alikuwa ameelezwa. Nikamwambia yote. Hakunitukana. Alisema, "Kwangu utakuja baadaye. Kwanza kamwambie shangazi, tena kwa maneno hayohayo, usiyapunguze." Halafu akanieleza hiyo operesheni inavyokwenda. Wanakutia matone ya ganzi, jicho linakufa ganzi, unakuwa macho lakini husikii maumivu, na siku hiyohiyo unarudi nyumbani na kitambaa juu ya jicho. Hakuna operesheni isiyo na hatari, lakini hiyo wanaifanya kila siku. Ameona watu walioingia wameshikwa mkono wakatoka wanalalamikia rangi ya ukuta. Hayo ni maneno yake, mimi yangu nimeyaweka kabatini kwa sasa.

Nimeandika na kundini: "Mada ya matone naifungua. Sikusoma. Ilikuwa panya. Muuguzi alikuwa sahihi." Nikasubiri matusi. Baba mdogo akaweka video ya roboti inayomenya vitunguu, wote wakahamia huko. Nilipata kofi moja, na aliyelipiga akaliondoa, alikuwa amebonyeza kwa bahati mbaya.

Sina uso wa kukuambia uende au usiende. Ila matone usiyasubiri.

Fundi


Tarehe 24 Mei

Fundi,

Barua yako imesomwa. Mama Duka aliisomea dukani kwa sababu ndani kulikuwa na giza. Wateja wawili wakabaki kusikiliza, mmoja akaondoka bila chenji yake. Mtaa mzima sasa wanajua habari ya panya. Mwenye nyumba kaniuliza kama walipona.

Sikusamehe. Lile la kwanza nilikusamehe haraka kwa sababu lilikuwa la kitoto. Hili lina miezi mitano ya macho yangu ndani yake. Liache hapo kwanza.

Na sijawajibu hospitali. Usidhani ukisema kweli basi na mimi woga unanitoka. Kisu ni kilekile. Nikiwaza mtu ananisogelea jichoni na chuma, miguu inageuka yenyewe inarudi mlangoni. Nimefika mpaka kwenye lile dirisha lao mara moja, nikamwambia dada wa pale nimekuja kuulizia saa za kuona wagonjwa.

Wanaotaka kunipa moyo wamekuwa wengi, sitaki mwingine. Kila mtu ananiambia si kitu. Kama si kitu, waende wao.

Siku ya mwisho ya kuwapa jibu ni Jumatano tarehe 10 Juni, adhuhuri.

Salamu kwa mama watoto na binti.

Shangazi

(Mimi Mama Duka naongeza kwa akili yangu, yeye yuko nje. Jana kamimina chai pembeni ya kikombe, akaniambia kikombe ndicho kilichosogea. Huyu si wa kuandikiwa tena. Njoo.)


Tarehe 30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wazima wote, wanakusalimia. Habari za nyumbani nitakupa kwa mdomo.

Sikuombi msamaha kwenye barua hii. Uko sawa kuuacha hapo ulipouweka.

Na kuhusu woga sitabisha. Kazi yangu imekuwa kubisha, na umeona ilipotufikisha. Ukiogopa, unaogopa. Mimi mwenyewe nilipong'olewa jino nilimshika daktari shati mpaka kifungo kikatoka, na mama watoto ni shahidi.

Nilikwenda tena kwa muuguzi. Safari hii alinifungulia lango mwenyewe. Ameomba ruhusa kazini, amepewa. Atakuja, na yeye ndiye atakayejibu maswali yako yote, hata ukimuuliza lilelile mara kumi. Atakuambia linalouma kwamba linauma. Mimi nitakaa pembeni. Usimamizi wa kundi nimemwachia yeye. Jambo la kwanza alilofanya ni kufuta sheria ya makofi, la pili ni kuninyamazisha kwa mwezi mmoja. Nilistahili zaidi.

Ukisema ndiyo, nitakuwa kwenye benchi la hospitali tangu utakapoingia mpaka utakapotoka, na baada ya hapo nitabaki kwako mpaka kitambaa kitolewe. Ukisema hapana, sitaondoka pia. Nitakaa kwenye cherehani yako nikutilie uzi, nikupimie, nikupigie pasi, nikusomee majina ya wateja, mpaka madaktari watakaporudi mwakani. Karakana nimempa fundi mwenzangu. Mteja wa kwanza kalalamika, nimemwelekeza kwake.

Mwambie Mama Duka hii nayo aisomee dukani, kwa sauti, wateja wakiwa wengi, ili nisipofika kila mtu ajue wa kumuuliza.

Tunapanda basi la alfajiri. Jumanne tarehe 9 Juni, kabla ya adhuhuri, nitakuwa mlangoni kwako, muuguzi akiwa mbele na mimi nyuma yake. Nitasema jina langu kabla hujaniuliza.

Mwanao,
Fundi